Kuomba Uchafu

"Yaani unaosha kitu kichafu kwa maji machafu, halafu unasema umesafisha?"

Spiriti aliuliza hivyo akiwa amechuchumaa mlangoni, mbele ya vifaa vyake viwili vipya: sumaku ya kusugulia kioo na pampu ndogo ya betri ya kunyonya uchafu wa chini ya tangi. Alivinunua kwa kiinua mgongo chake bila kumuuliza mtu. Pembeni ilikuwa ndoo ya mkewe, na ndani yake kipande cha mpira wa maji, soksi kuukuu ya nailoni, mswaki uliochakaa, chupa ya siki na kadi ya benki iliyokwisha muda. Kwa kadi hiyo mkewe alikwangua ukungu wa kijani kwenye matangi ya samaki ya watu wazito, na pengine tangu itengenezwe haijawahi kufanya kazi ya maana kuliko hiyo.

"Sponji ya kichujio haioshwi, inasukutuliwa," mkewe alisema, huku akifunga kitambaa kichwani. "Unaichovya kwenye maji uliyoyatoa tangini, unaikamua kidogo, unairudisha. Maji yenyewe unatoa theluthi tu. Na hiyo sumaku iache hapa. Juzi imenasa punje ya mchanga ikachora kioo cha watu, nikabaki kumwambia mwenye nyumba kuwa ni mwanga unamdanganya."

"Na pampu?"

"Pampu haichagui, inabeba uchafu na kokoto na mtoto wa samaki. Mpira ukiubana kwa kidole unautuma unakotaka. Sikatai, baba watoto, vifaa vyako ni vizuri. Ila vinataka mtu anayelijua tangi kwanza."

"Sisi kule hospitali..."

"Kule hospitali mlikuwa mnasafisha meza. Meza haipumui."

Jina la Spiriti lilitoka huko huko hospitali. Alisafisha chumba cha upasuaji tangu ujana wake, na hata siku ya mapumziko alinukia spiriti. Ilipokuja kampuni mpya na watu wake, yeye na wenzake walishikishwa bahasha na kuonyeshwa geti. Kukaa nyumbani kulimshinda, akaanza kumfuata mkewe kazini akimbebea ndoo. Watu walimwita mkewe Mama Samaki. Spiriti akiulizwa yeye ni nani, alijibu kwamba ni msimamizi, na Mama Samaki alitazama pembeni akamwachia uongo huo kwa sababu haukumla mtu.

Asubuhi ile Mama Samaki alikuwa ameitwa shuleni kwa binti yao mkubwa, na ilikuwa zamu ya nyumba ya Wakili. Alisita sana kabla ya kumkabidhi mumewe ufunguo wa geti la nyuma. Wakili mstaafu hakupenda watu wapya wakae na mke wake mgonjwa, na kati ya wateja wote yeye ndiye aliyewaelekeza wengine kwake. Jina zuri la Mama Samaki kwa watu lilianzia kwenye nyumba ile, na kama lingeharibikia pale, kusingekuwa na nyumba nyingine ya kumpokea.

"Ingia, fanya nilivyosema, toka," alimwambia. "Usiongeze ujuzi."

*

Mke wa Wakili alikuwa amepigwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili ukalala na maneno yakawa yanamtoka moja moja, kwa shida. Kitanda chake kiliwekwa kuelekea tangi. Mkubwa wa samaki waliokuwamo alikuwa wa rangi ya chungwa, mkia umechanika, na mwenyewe bibi alikuwa amempa jina la Mpangaji zamani alipokuwa mzima, kwa kuwa alikaa miaka yote ile bila kulipa kodi. Sasa mzaha ule hakuweza tena kuusema, ila macho yake yalimfuata Mpangaji kutoka kona hadi kona, mchana kutwa. Wakili alikuwa ametoka. Msaidizi wa nyumbani alikuwa jikoni na redio yake.

Spiriti alifunua kichujio akaitoa sponji. Ilikuwa ya kahawia, inateleza kama ini, na ilinuka tope. Akaitazama, akamtazama mgonjwa kitandani, akaona aibu kwa niaba ya mkewe. Mtu amelala hapa hajiwezi, na hatua chache kutoka kwenye mto wake wa kulalia kuna kitu kama hiki? Miaka yote ya kazi yake hakuna mgonjwa aliyeondoka na kidonda kilichooza kwa sababu ya meza aliyoifuta yeye. Hilo ndilo alilokuwa nalo la kujivunia duniani, na wala halikuandikwa kwenye bahasha waliyompa.

Basi maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Aliwahamishia samaki kwenye beseni, akatoa maji yote, si theluthi. Mawe akayachemsha. Vioo akavisugua ndani na nje. Sponji akailoweka kwenye dawa ya klorini aliyoikuta bafuni, kisha akaisuuza bombani, akaikamua, akaisuuza tena, mpaka harufu ikaisha na ikatoka nyeupe kama ilivyonunuliwa. Mikono yake ilikwenda yenyewe. Tangu aachishwe kazi hajawahi kujisikia mtu kama alivyojisikia saa ile, na kidogo aimbe.

Aligeuka akaona mgonjwa ameinua kidole cha mkono ule mzima.

"A... cha," bibi alisema.

Spiriti alikuwa amelisikia neno hilo maisha yake yote. Wagonjwa husema acha. Ukiwasikiliza, hakuna kitakachosafishwa wala kushonwa.

"Usijali, mama, karibu namaliza," alimjibu kwa sauti ile ile laini ya hospitali, akamsogezea kikombe cha maji.

Bibi hakunywa. Kidole chake kilibaki juu mpaka kilipochoka. Spiriti alijaza tangi kwa maji yaliyotulia kwenye pipa la nje, akawarudisha samaki, akafunga geti. Njiani alitembea kifua mbele.

*

Jioni walikuwa wanakula wakati simu ya Mama Samaki ilipoita. Ilikuwa ni Wakili, na sauti yake ilisikika hadi upande wa pili wa meza.

"Mama Samaki, leo umejipita. Maji utasema hayapo. Umefanyaje?"

Mama Samaki alimtupia mumewe jicho. "Kawaida tu, mheshimiwa. Nashukuru."

Alipoweka simu hakurudi kwenye sahani. "Maji utasema hayapo," alirudia polepole. "Sponji uliifanya nini?"

Hapo Spiriti angeweza kusema. Lakini sifa zilikuwa bado za moto, na ingawa zilimwendea mkewe, alijua zilikuwa zake. Akaona aziache zikae siku chache, halafu atafichua, na wote watacheka.

"Niliisukutua ulivyosema."

"Kwenye maji ya tangi?"

"Mke wangu, si nimekwambia? Au na mimi nimeitwa shuleni?"

Binti yao aliinama akatabasamu kwenye sahani, na mama yake akacheka kidogo, akaendelea kula. Hilo la kucheka ndilo lililokuja kumuuma Spiriti baadaye kuliko mengine. Mkewe alikuwa amemwamini.

*

Njia ya mwongo ni fupi. Simu ya pili ya Wakili, siku chache baadaye, haikuwa na sifa ndani yake. Samaki wawili wameelea, alisema, na waliobaki wako juu ya maji wanahema kwa vinywa wazi, na mke wake hajala tangu jana.

Mama Samaki alibeba ndoo, Spiriti akabeba ya pili. Barabarani mkewe alitangulia mbele mpaka walipofika kwenye ukuta mrefu wa kiwanda, mahali pasipo na wapita njia. Hapo akasimama.

"Sponji," alisema.

Spiriti alitua ndoo. Alisema yote: mawe, klorini, bomba, maji yote. Aliyasema akitazama ukuta. La kidole hakulisema.

Mama Samaki alisikiliza hadi mwisho. "Ile sponji ni uhai," alisema. Hakupandisha sauti, na Spiriti angefurahi kama angepandisha. "Samaki anajisaidia mle mle anamoishi. Kuna vijidudu vinakaa kwenye ule utelezi, ndivyo vinavyokula ile sumu. Huwezi kuviona. Vikifa, maji yanabaki meupe na sumu inapanda kila siku. Vinachukua wiki nyingi kurudi. Unaelewa sasa kwa nini nilisema isukutuliwe?"

"Hukuniambia hilo la vijidudu."

"Ningekuambia kuna vijidudu, wewe, ungeacha kuviua?"

Spiriti aliinua ndoo yake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila guu lililovunjika hapa lilikuwa la mkewe.

*

Wakili aliwafungulia mwenyewe. Chumbani, samaki watatu waliosalia walikuwa juu kabisa ya maji, vinywa vikifunguka na kufumba. Mpangaji alikuwa amelala ubavu kidogo, anajirudisha wima, analala tena. Bibi alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Alimtazama Spiriti alivyoingia, na Spiriti akashughulika na ndoo.

Mama Samaki alishusha mpira, akatoa maji kidogo, akatia mengine kidogo, taratibu. Alitia mkono akaipapasa sponji nyeupe, akafumba macho kwa muda mfupi. Kisha akamvuta mumewe hadi ukumbini.

"Nenda kwa yule mteja wangu daktari wa meno. Tangi lake ni kubwa na sponji yake haijaguswa siku nyingi. Omba nusu, waikate. Ije na maji yake, isikauke. Ikiwahi, huyu mkubwa anaweza kupona."

"Niombe nini hasa?"

"Uchafu," alisema mkewe. "Kaombe uchafu."

Alikwenda nusu anakimbia. Ukumbi wa daktari wa meno ulikuwa umejaa watu walioshika mashavu, na tangi lilikuwa ukutani, kubwa, limeota ukungu wa kijani pembeni. Dada wa mapokezi hakuinua macho kwenye karatasi zake.

"Nimetumwa na Mama Samaki," alisema Spiriti. "Mimi ni msimamizi wake."

"Mama Samaki hana msimamizi. Tunamjua yeye."

"Nahitaji nusu ya sponji ya kichujio chenu."

"Ya kufanyia nini? Hicho ni kifaa cha ofisi. Daktari yuko na mgonjwa, kaa kwenye foleni."

Spiriti alitazama foleni. Akilini alimwona Mpangaji akilala ubavu. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke hospitali, alilisema jambo lilivyo.

"Dada yangu, mimi ni kibarua wake. Ni mume wake, lakini kazini ni kibarua. Nimeharibu kazi yake kwenye nyumba ya watu, samaki wanakufa. Naomba uchafu wenu. Huo tu, uchafu, sihitaji kingine."

Mwanamume mmoja mwenye shavu lililovimba alicheka, maumivu yakamkata, akanyamaza ameshika taya. Wengine waligeuka kumtazama huyu mtu mzima anayeomba uchafu. Dada wa mapokezi naye alimtazama, sasa vizuri, kisha akainuka akachukua mkasi. Spiriti aliondoka na kipande cha sponji ndani ya mfuko wa plastiki wenye maji ya kahawia, amekikumbatia kifuani, na maji yalivuja yakamlowesha shati. Hakulifuta.

*

Aliporudi, Wakili alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono nyuma, kama aliyerudi mahakamani. Samaki mmoja zaidi alikuwa kwenye kitambaa. Mama Samaki alipokea mfuko, akapachika sponji chafu kwenye kichujio, na maji yakachafuka kidogo.

"Nimeuliza swali," Wakili alisema. "Kitu gani kimebadilika?"

"Nimekosea mimi, mheshimiwa," alisema Mama Samaki, mgongo umemgeukia. "Niliosha kupita kiasi. Nilitaka kulipendezesha tangi. Nitaleta samaki wengine kwa gharama yangu."

"Wewe? Miaka yote hii?"

"Binadamu hukosea."

Spiriti alijua anachofanya mkewe. Akisema ni mume wangu, itajulikana kwamba ufunguo ulitoka mikononi mwake, na kwamba zile sifa za kwenye simu alizipokea kwa kazi asiyoifanya. Kosa la kuosha linasameheka, la ufunguo halisameheki. Ilimpasa anyamaze. Lakini kitandani macho ya bibi yalikuwa juu yake na hayakupepesa. Yeye pekee alikuwepo, yeye pekee alisema acha, na kusema zaidi hawezi. Kunyamaza mbele ya mtu aliyenyimwa ulimi kulimshinda.

"Si yeye," Spiriti alisema. "Ni mimi. Yeye siku hiyo hakuja kabisa. Na mama hapa alinikataza, sikumsikiliza."

Mama Samaki aligeuka. Uso wake haukuwa na shukrani hata chembe.

"Kwa hiyo ulimpa mtu mwingine ufunguo wa nyumba yangu," Wakili alimwambia Mama Samaki. "Akaingia chumbani kwa mke wangu asiyeweza kupiga kelele. Nikakupigia simu, ukanijibu kawaida tu. Na sasa hivi umenidanganya tena mbele yake."

"Ni mume wangu, mheshimiwa."

"Niliambiwa ni msimamizi." Alinyoosha mkono. "Ufunguo."

Mama Samaki aliutoa kwenye upindo wa kitenge, akauweka kwenye kiganja kile. Akaanza kukusanya vitu vyake, mpira, soksi, kadi, kimoja kimoja, na kila kimoja alikikausha kwanza kama vile kesho kingekuwa na kazi.

"Mtoke wote wawili," Wakili alisema.

"A... baki," bibi alisema.

Mumewe aliinama. "Abaki nani?"

Kidole kiliinuka kikamwonyesha Spiriti. "A... one."

Wakili alimwangalia mke wake, akamwangalia Spiriti, na ilionekana wazi hakupenda. Lakini mke wake hakuwa ameomba kitu kwa muda mrefu. Alivuta kiti mwenyewe akakiweka kando ya kitanda, akatoka. Mama Samaki alibeba ndoo zote mbili akaenda kungoja nje ya geti.

Spiriti alikaa. Hakuna aliyemwambia afanye nini, na hakukuwa na cha kufuta. Alitazama. Mpangaji alikwenda chini, akapanda, akagusa kioo kwa pua. Sponji chafu ilifanya kazi yake polepole, ila sumu ilikuwa imetangulia. Mchana ukawa alasiri. Wakati mmoja Spiriti alianza kusema samahani, na bibi akatikisa kichwa kidogo kumnyamazisha, kwa kuwa alikuwa anatazama. Mpangaji alilala ubavu na safari hii hakujirudisha. Samaki mdogo aliyesalia alimzunguka mara moja, akaenda zake.

Spiriti aliinuka amtoe. Bibi alimshika mkono wa shati, lile lililonuka tope la daktari wa meno, kwa vidole vyake vizima. Chozi lilimtoka upande mmoja, upande ule uliokuwa bado wake. Wakakaa hivyo.

"Ke... sho," bibi alisema alipomwachia.

"Kesho, mama? Nije kesho? Mpangaji hayupo."

"Kesho."

Wakili alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Hakusema ndiyo wala hapana, alimpisha tu njia.

*

Nje, Mama Samaki alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi. Wateja wawili walikuwa wamekwisha kumpigia kuahirisha. Wakili alikuwa na marafiki wengi.

"Vipi?" aliuliza.

"Amekufa."

Aliitikia kwa kichwa. Aliinuka, akapangusa kitenge. "Haya, twende. Ulikuwa unafanya nini mle muda wote huo?"

"Nimekaa naye tu," Spiriti alisema. "Amesema nirudi kesho."

Mama Samaki alisimama. Geti ambalo ufunguo wake aliutunza miaka yote ile lilikuwa limefungwa nyuma yao.

"Wewe?"

"Mimi."

"Na mimi je? Hakunitaja?"

Spiriti alitamani kumpa uongo mdogo, wa huruma, wa kumfikisha nyumbani.

"Hakukutaja," alisema.